Mapasa Hawahesabiwi Mumoja

Mimi sipendi kuitwa mwizi. Uniite mugomvi, nitacheka. Bwana yangu ananiita hivyo tangu ndoa na bado anakula bukari yangu. Useme mudomo wangu hauna kifuniko, nayo ni kweli, hata padri anajua. Lakini mwizi, aka! Tena mwizi wa kuandika uongo juu ya watoto wa watu? Siku ile Shefu Édouard aliponiambia vile mbele ya wenzangu wanane, niliona giza saa mbili ya asubuhi.

Ngoja nieleze toka mwanzo, maana nikikasirika ninaanzia katikati.

Jina langu ni Victorine, muzaliwa wa Kalemie, na kazi yangu ni kuuliza. Kila mara mradi fulani unapotaka kujua watoto wa hapa wanaugua nini, wanatafuta watu wa kupita nyumba kwa nyumba, na mimi njo wa kwanza kuitwa. Nimefanya ankete za namna hiyo kumi na moja. Sina kiwanja, sina mutumbwi, sina meza sokoni. Jina langu njo shamba langu. Likiingia kwenye liste ya wale wanaojaza majibu wakiwa wamekaa kivulini, hakuna mradi utaniita tena, maana hao watu wanaambiana.

Ankete yenyewe si ya kuumiza kichwa. Unaingia kwa mama mwenye mutoto chini ya miaka tano, unamuuliza: kwa juma mbili zilizopita, mutoto alipata homa? Alihara? Alikohoa? Alipewa dawa gani, siku ngapi? Unabonyeza majibu kwenye tablete, na jioni yanaruka mpaka biro kubwa ya Lubumbashi. Hakuna kupima damu, hakuna kutazama mavi. Ni kumbukumbu ya mama tu. Akikumbuka, umepata, akisahau, umesahau naye.

Shefu Édouard, kijana wa Lubumbashi mwenye shati lililopigwa pasi mpaka unaweza kukatia nyanya, alitufundisha siku tatu nzima kwamba tumuulize mama tarehe. Tarehe! Huku kwetu Kataki, kando ya ziwa, bwana wa mama ni muvuvi. Wakati wa giza yuko ziwani na taa zake. Mbalamwezi ikitoka yuko nyumbani anadai chai. Mama hahesabu tarehe, anahesabu bwana. Basi mimi nilikuwa ninauliza: "Mama, tangu Papa arudi na mbalamwezi mpaka leo, mutoto alihara?" Hapo mama anakumbuka yote, hata yale ambayo hukuuliza, hasa juu ya Papa.

"Andika kile mama anasema," Shefu alituimbia kila asubuhi. "Usiongeze, usipunguze. Wewe si munganga wa hospitali."

Nikashika hivyo.

Siku ya tatu nilifika kwa Mama Rosine. Rosine ni binti mwembamba, mupole, na ana mapasa, watoto wawili wa tumbo moja, Kyungu na Kabange, karibu watimize miaka miwili. Sasa, kwa mapasa huingii tu kama unaingia sokoni. Unasalimia wawili. Ukimupa mumoja kitu, mwenzake apate kile kile. Na neno kubwa kuliko yote: husemi ugonjwa wa mumoja peke yake. Ukisema Kabange anaumwa, Kyungu anasikia amesahauliwa, na mapasa akikasirika anarudi alikotoka. Kwa hiyo mumoja akihara, wamehara. Mumoja akipona, wamepona. Mama mukwe wa Rosine, Koko Bertille, analinda hiyo desturi sawa askari wa mupaka. Alikuwa amekaa mulangoni anachambua ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, sikio moja kwa ndagala, lingine kwetu.

"Mama Mapasa," nikauliza, "tangu mbalamwezi, Kyungu alihara?"

"Wote," Rosine akajibu.

"Na Kabange?"

"Si nimesema wote?"

"Homa?"

"Wote."

"Walipewa dawa?"

"Wote. Zinki ya kituo cha afya. Siku tano."

Na mimi macho yangu hayakupofuka. Nilimuona Kyungu anafukuza bata uwanja muzima, tumbo mbele, kicheko juu. Nilimuona Kabange amelala kwa paja la koko, bibi yake, ananyonya pindo la kitenge. Nilijua vizuri kabisa "wote" yake inamaanisha nini, nimezaliwa hapa. Lakini mimi ni nani? Mama alisema wote, nikabonyeza ndiyo na ndiyo, maswali arobaini na mawili, mara mbili. Kila nyumba inapewa sabuni moja ya mradi kama aksanti. Mimi nikaacha mbili, maana sina wazimu.

Kesho yake ndipo likaniangukia lile la saa mbili ya asubuhi.

"Mama Victorine," Shefu akasema, amesimama katikati ya biro na karatasi mukononi, "mashine ya Lubumbashi imekukamata. Watoto wawili, majibu arobaini na mawili, na hakuna hata moja linalopishana. Umejaza mutoto mumoja, ukamukopia wa pili. Huyo wa pili hata sijui kama yuko duniani. Na sabuni moja inakosekana."

"Ni mapasa, Shefu!"

"Hata mapasa hawahari kwa saa ileile."

Wenzangu wakacheka. Thubutu yao! Wenzangu, wazaliwa wa hapa, wanaojua kama mimi, wakainamisha vichwa na kucheka kwenye tablete zao. Nilitaka kulia, na mimi sikulia hata siku ya kumuzika mama yangu, nilikuwa ninagombana na wachimba kaburi.

"Tunarudi kule," Shefu akaendelea. "Utanionyesha nyumba. Mimi njo nitauliza. Wewe utakaa kimya, usimukumbushe mama, usimukonyeze. Neno moja tu, jina lako linaingia kwenye liste. Tumeelewana?"

Nikafungua mudomo nijibu. Akainua kidole. Nikaufunga. Tangu pale nikaanza kufa polepole.

Tulifika kwa Rosine jua limeshapanda. Shefu akaingia, akamusalimia Rosine, akamusalimia Koko Bertille, akamusalimia Kyungu aliyekuwa na bata kwapani. Kabange, aliyelala kwa paja la koko, Shefu hakumusalimia. Koko akanitazama. Mimi nikatazama paa.

Akatoa sabuni moja, akamupa Rosine. Moja! Nikauma kitambaa changu cha kichwa.

"Victorine," Koko akasema, "leo umekufa mudomo?"

Nikatikisa kichwa. Machozi karibu.

Shefu akawasha tablete. "Mama, kati ya hawa watoto wawili, nani alihara?"

"Wote," Rosine akasema.

"Nani alianza?"

"Walianza."

"Haya. Nani alihara sana kumupita mwenzake?"

"Walihara."

"Mama, fikiri vizuri. Siku ya kwanza kabisa, ulibadilisha nepi ya nani?"

"Zao."

Jasho likaanza kumutoka chini ya lile shati. Akafuta kipaji cha uso, akapumua, akasema kwa sauti ya mwalimu wa watoto wadogo: "Mama, mimi ninaona. Huyu," na akamuelekezea Kyungu kalamu, "huyu ni muzima, anacheza na bata. Mugonjwa ni yule peke yake."

Yoo, Mama wee.

Ndagala zikamwagika. Koko Bertille akasimama, akamuweka Kabange mugongoni, akapiga makofi mara mbili, na akaanza kuimba. Kama hujui nyimbo za mapasa, nikuambie: ni za matusi. Njo kawaida yake. Koko wa mapasa ana ruhusa ya kumutukana hata gavana, na anayetukanwa anatakiwa kucheza.

*Mugeni ana macho mawili, haoni!*
*Mugeni ana masikio mawili, hasikii!*
*Mungu alimupa matako mawili,*
*yeye anahesabu moja!*

Majirani wakatoka. Wanawake sita, saba, kumi, wengine mikono bado ina unga wa muhogo, wakamuzunguka Shefu wakiitikia: "Mawili! Mawili!" Na kila "mawili" mama mumoja alikuwa anamupigia hesabu kwa nyuma, kwa mukono, ili asisahau. Shefu akashika tablete kifuani. Akanitazama mimi, ule mutazamo wa mutu anayezama anayetafuta kamba. Nikaonyesha mudomo wangu kwa kidole, nikainua mabega. Sheria ni yako, baba.

Mwishowe akaelewa mwenyewe. Akapiga mbio kwenye begi, akatoa sabuni ya pili, akamusalimia Kabange kwa mikono yote miwili. Wakamupigia vigelegele. Koko akakaa chini, akaanza kuokota ndagala zake kama hakuna kilichotokea. Ningekuwa na mudomo wangu, siku ile ningecheka mpaka wanipeleke hospitali.

Lakini huyo kijana si mujinga. Akanyoosha shati, akauliza swali ambalo halimo kwenye fomu: "Mama, ile dawa ya zinki, bado una plakete yake?"

Rosine akaingia ndani, akatoka na plakete, ile karatasi ngumu inayokaliwa na vidonge. Ilikuwa tupu. Shefu akaigeuza, akahesabu matundu. Kumi.

"Plakete moja," akasema, na uso wake ukawaka. "Kituo kinatoa plakete moja kwa mutoto mumoja. Kwa hiyo munganga aliona mugonjwa mumoja! Hakuna wawili. Umeona, Mama Victorine? Fomu yako ni ya uongo. Imekwisha."

Imekwisha kweli, nikafikiri. Nikalitazama jina langu linakwenda zake. Na nikiwa ninaitazama ile plakete mukononi mwake, matundu kumi, kichwani mwangu likarudi jibu la Rosine la jana yake: siku tano.

Zinki ni kidonge kimoja kwa siku, siku kumi. Nimeuliza swali hilo kwa ankete kumi na moja, ninalijua kama Baba Yetu. Vidonge kumi, siku tano. Midomo miwili.

Nikamutazama Kabange kwa mugongo wa koko yake. Macho yalikuwa yameingia ndani. Midomo imekauka. Mukono ulikuwa unaning'inia. Alikuwa hivyo hivyo jana yake, nami nilikuwa nimekaa palepale, ninabonyeza ndiyo na ndiyo, ninajisifu kwamba sina wazimu juu ya sabuni. Aibu ikanipanda toka miguuni. Nilimuona mutoto, nikasikia hesabu, na sikuviunganisha, maana mimi si munganga.

Nilikuwa na neno moja tu la kupoteza. Nikalipoteza.

"Mama Mapasa," nikasema, "kile kidonge, walimeza wote?"

Shefu akageuka. "Mama Victorine!"

"Wote," Rosine akasema. "Asubuhi kimoja kwa Kyungu, kimoja kwa Kabange. Ningemunyima mwenzake?"

"Na tumbo, limesimama?"

Rosine akamutazama mama mukwe wake. Koko Bertille akaacha ndagala. Rosine akashusha sauti, na machozi yakashuka nayo. "Lilisimama. Limerudi tangu juzi. Wote, Mama Victorine. Wote. Lakini wote sana."

Ile "wote sana" niliielewa vizuri, na sasa sikubonyeza kitu.

"Umesema," Shefu akanong'ona. "Nilikuambia neno moja."

"Nimesema maneno kumi. Andika yote kwenye hiyo liste, andika na jina la baba yangu. Koko, nipe Kabange. Shefu, muchukue Kyungu!"

"Mimi? Kwa nini huyo? Huyo ni mu..."

Majirani kumi wakavuta pumzi kwa pamoja. Kijana akameza neno lake, akamubeba Kyungu.

Tulipanda pikipiki mbili, maana moja ingeleta maneno. Mimi na Rosine na Kabange mbele, Shefu na Kyungu nyuma, na Koko Bertille anakimbia kwa miguu huku anatutukana. Kabla hatujafika kwenye daraja la Lukuga, Kyungu alikojolea lile shati lote, toka kola mpaka mukanda.

Kituoni tulimukuta Papa Thierry, munganga wa pale. Alimufinya Kabange ngozi ya tumbo, akakunja uso, akamuanzishia maji ya dawa palepale, kijiko kwa kijiko. Halafu akauliza nani aliwapa plakete moja mapasa.

"Ulikuwa umesafiri kwenda kilioni Kabalo," Rosine akasema. "Kulikuwa na stajeri, mwanafunzi anayejifunza kazi."

"Stajeri wa wapi huyo, asiyejua mapasa!" Akavuta mutoto wa meza. "Mimi nikimuona Mama Mapasa ninaandika mbili bila kuuliza. Zinki kwa mwenye tumbo, vitamini kwa mwenzake. Vidonge viwili, watoto wawili, kila mutu anameza, hakuna anayekasirika. Ikizidi shida ninalazimishwa kumupima na stetoskopi hata yule anayecheka."

Akamupima Kyungu na stetoskopi. Kyungu akacheka. Papa Thierry akaandika kwa uzito wote: *wamechunguzwa*.

Shefu Édouard alikuwa amekaa kwenye benchi amelowa, anatazama kijiko kinavyoingia mudomoni mwa Kabange. Kufika saa tisa Kabange alikojoa, alama kwamba maji yamerudi mwilini, Papa Thierry akasema aksanti Mungu, na mimi nikatoka nje nikalia nyuma ya choo, ambako hakuna wa kuniona.

Niliporudi, Shefu akaniambia, bila kunitazama vizuri: "Sheria ni sheria, Mama. Fomu yako ninaifuta. Nitaijaza mimi mwenyewe, upya, kwa jina langu, kila jibu kama mama anavyosema. Wewe lete jile ya mradi, hicho kikoti cha kazi, siku ya ine, siku tatu zikiisha. Lubumbashi njo watakata neno."

Siku tatu nilikaa nyumbani. Bwana yangu alisema nyumba imekuwa na kelele. Kila asubuhi nilipita kwa Rosine kuona vidonge viwili vinamezwa. Siku ya tatu, bata mwenyewe alikuwa amepanda juu ya banda, na chini yake walikuwa wanamungojea wote wawili.

Siku ya ine nikaikunja ile jile, nikaenda nayo biro. Wenzangu walikuwepo wote wanane. Hakuna aliyecheka. Shefu Édouard alikuwa amesimama, simu sikioni, na sauti ndani ya simu ilikuwa inasikika mpaka mulangoni.

"...majibu arobaini na mawili, Édouard! Hakuna hata moja linalopishana! Wewe, shefu wa ekipe, tuliyekutuma kukamata wezi, unamujaza mutoto mumoja, unamukopia wa pili? Na sabuni mbili zinakosekana!"

"Shefu, si kukopia, ni mapasa, yaani, kama mumoja akihara, wamehara, na mwenzake akisahauliwa, anakasirika, ndiyo maana vitamini..."

"Unaumwa, Édouard?"

"Hapana, Shefu. Niliimbiwa."

Kijana akanigeukia. Shati lake siku ile halikupigwa pasi. Akaziba simu kwa mukono.

"Mama Victorine, tafazali. Waelezee."

"Mimi?" Nikaweka jile juu ya meza, nikainyoosha vizuri. "Mimi niliambiwa nisiseme neno."

"Mama."

"Neno moja tu, ulisema. Jina langu, liste."

Akatazama wenzangu wanane. Akatazama chini. Halafu akainua kichwa, akasema kwa sauti, mpaka mulinzi wa mulango akasikia: "Mama Victorine si mwizi. Mimi nilikosa. Munisamehe, Mama." Akaichukua ile jile, akanivalisha mwenyewe, bega moja, halafu bega la pili.

Sasa mimi nina hasira, lakini moyo wangu si wa jiwe. Nikapokea simu. Nikakohoa kidogo, maana mudomo wa kazi uliolala siku tatu unahitaji kuamushwa.

"Allo, Shefu wa Lubumbashi. Ni Mama Victorine wa Kalemie. Nitakueleza yote, polepole, toka mwanzo. Lakini kwanza unijibu swali moja tu, na ujibu kweli, maana nitaandika kile unachosema: Mungu alikupa matako mangapi?"